Shangazi, pua imeziba mwezi wa nne na sasa naona damu upande mmoja

Shangazi shikamoo,

Mi ni fundi seremala, nina miaka 34, nipo Keko hapa Dar na huu mwaka wa 12 nafanya kazi za fanicha. Nakuandikia saa nane usiku kwa sababu kulala siwezi, nikilala chali pua zote zinaziba kama mtu kazimiminia gundi, nahemea mdomo mpaka asubuhi koo limekauka kama msasa.

Ilianza kama mafua tu. Asubuhi nikiwasha mashine napiga chafya kumi, kumi na tano mfululizo, macho yanawasha, makamasi maji maji. Pale kijiweni sote tuna mafua mwaka mzima, sasa vumbi la mbao utalikimbilia wapi, kwa hiyo sikujali. Nikaenda duka la dawa jamaa akanipa Piritoni na amoksilini, nikameza siku tatu nikaona nafuu nikaacha. Ikarudi. Akanipa zile za siku tatu za kumeza moja moja, ikatulia wiki, ikarudi tena. Mwisho akanipa kichupa cha matone ya pua, na Shangazi yale matone ni balaa, ukidondosha dakika tano tu pua imefunguka unasikia upepo mpaka kwenye ubongo. Nilianza asubuhi na jioni. Sa hivi hata sihesabu, kichupa kimoja kipo mfukoni, kingine kwenye boksi la vifaa, kingine chini ya mto, na ni mwezi wa tatu huu.

Nikiinama kufunga skrubu uso unakuwa mzito hasa shavu la kushoto, mpaka meno ya juu yanauma. Mama mkwe kasema ni kipanda uso, kaniletea majani nipige nyungu. Kitu kingine, tulienda msibani Singida siku nne, zile chafya zote zikaisha, nikajua nimepona, kurudi kazini hata saa nne haijafika macho yashaanza kuwasha.

Sasa kilichonitisha ni viwili. Wiki mbili hizi nikipenga upande wa kushoto inatoka michirizi ya damu, kulia hamna. Halafu juzi nimelala mchana, mke wangu karudi sokoni kafungua mlango akapiga kelele, nyumba nzima inanuka gesi, mpira wa mtungi umelegea, na mi nilikuwa humo humo sisikii harufu yoyote. Ndo nikajua kumbe hata vanishi siku hizi siinusi.

Wenzangu wanasema makamasi yakiwa ya kijani ni infeksheni nitafute antibaiotiki kali, mwingine anasema kuna sindano ya aleji unachomwa moja unakaa miezi. Mke wangu anasema hospitali. Mi bima sina, na siku moja hospitali ni siku moja bila hela. Hivi Shangazi, mafua nayo ni ya kupeleka hospitali? Mtu unajuaje hapa sasa pamefika pa kwenda?

Fundi, Keko

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole, kukosa usingizi ni mateso.

Nianze na jibu maana we mtu wa kazi. Nenda wiki hii. Sio usiku huu, sijaona kwenye barua yako kitu cha kukutoa kitandani saa nane, ila hiyo wiki isiishe. Na mkeo mpe shukrani, yeye ndo daktari wa kwanza hapo.

Nilikuwa nesi miaka mingi, na sehemu kubwa nimekaa kliniki ya masikio, pua na koo, kwa hiyo makamasi nimeyaona ya kila rangi, na kitu ambacho watu wote wanaangalia, rangi, ndo kitu ambacho kinatuambia kidogo kuliko vyote. Ule ukijani unatokana na chembe nyeupe za damu zikipambana, haziulizi kama adui ni kirusi au bakteria, na mafua ya kawaida kabisa ya virusi siku ya tatu ya nne yanaweza kuwa kijani kama mchicha halafu yakapona yenyewe. Katika watu wazima 100 wanaopata mafua, wanaofikia sinasi, yale mapango ya hewa ndani ya mifupa ya uso, kuingiwa na bakteria ni kama wawili tu, au pungufu. Hao wengine 98 wanaokunywa amoksilini wanakunywa hela zao. We umekunywa dozi mbili, moja ukaikatisha katikati, na pua imebaki pale pale, hiyo peke yake ilitosha kukuambia ugonjwa wako pengine sio wa antibaiotiki. Na ukizikatisha katikati unawafundisha bakteria namna ya kuzizoea, siku ukiumwa kweli zinakugomea.

Tunachoangalia sisi ni siku, upande, na jicho.

Siku kwanza. Mafua ya virusi yana kalenda yake, yanapanda siku mbili tatu, yanashuka, kwenye siku 7 mpaka 10 unakuwa mtu, labda kikohozi kinabaki kidogo. Yakipita siku 10 bila dalili ya kushuka, hapo nenda. Au yakashuka, ukawa umeshaanza kusema nimepona, halafu siku ya tano au ya sita yakakurudia kwa nguvu na homa na uso unauma, hiyo ya kurudi ndo huwa bakteria wamepata nafasi, nenda. Au kuanzia mwanzo tu una homa ya 39, usaha unatoka puani, uso unauma siku tatu nne mfululizo, usisubiri hizo 10. Halafu kwa sisi wa Dar homa na kichwa usiziite sinasi mpaka umetoboa kidole upime malaria, nimeona watu wanajifukiza wiki nzima kumbe wana malaria. Zikipita wiki 12 hatuiti mafua tena, hiyo ni sugu, inataka mtu aingize kamera aangalie kuna nini mle ndani. We upo mwezi wa nne. Unaona ulipo.

Upande ndo ulionifanya nijibu barua yako kabla ya zingine. Aleji na mafua havina upendeleo, vinaziba pua zote, leo huku zaidi kesho kule. Kitu kinachong'ang'ania upande mmoja, kuziba upande mmoja, damu upande mmoja, harufu mbaya upande mmoja, kina sababu iliyokaa upande huo, na lazima ionekane kwa macho. Mara nyingi ni kitu cha kawaida kabisa. Kwa watoto wadogo tulikuwa hatuulizi hata, mama akisema mwanangu ananuka pua moja wiki ya pili na ameshapewa dawa za mafua chupa mbili, tunawasha taa tunachungulia na kuchomoa kipande cha sponji ya godoro. Wanachokonoa godoro usiku, wanajaza. Punje ya mahindi, shanga, nishatoa mpaka ufutio. (Ila kama ni betri ile ndogo ya duara ya saa au rimoti, usisubiri kliniki ya kesho, ile inaunguza nyama ya ndani kwa masaa tu.)

Kwako mtu mzima damu ya upande mmoja inaweza kuwa ni matone tu yamekausha na kuchubua ngozi ya ndani, na hilo ndo nalolipa nafasi kubwa. Inaweza kuwa kinyama, kile cha polipu, laini kama zabibu, kinachozuia pia harufu isifike juu kwenye mishipa ya kunusa, ingawa polipu hupenda kuota pande zote mbili. Inaweza kuwa jino, mizizi ya magego ya juu ipo jirani kabisa na lile pango la shavuni, jino likioza juu sinasi ya upande huo inajaa usaha, na we umesema meno yanauma, kwa hiyo mwambie daktari na habari ya meno.

Na kuna la kazi yako, sitakuficha. Vumbi la mbao limewekwa na wale wataalam wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1995, na saratani yenyewe ni ya ndani ya pua na hizo sinasi. Usiruke kwenye kiti. Ni saratani adimu, na kwa mafundi huwa inakuja baada ya miongo ya vumbi, we una miaka 12. Nakwambia ili ukifika pale useme mwenyewe, mimi ni seremala, maana daktari akiwa na foleni ya watu 60 hakuulizi kazi yako, anaandika mafua, na seremala mwenye damu upande mmoja na pua isiyonusa hatakiwi kuandikiwa mafua akarudishwa nyumbani.

Jicho sasa. Hili halikuhusu leo ila lishike, na uwaambie wenzako kijiweni. Hizi sinasi zimelizunguka jicho, na katikati ya ile ya pembeni ya pua na jicho kuna mfupa mwembamba kama karatasi. Nakumbuka kijana wa kidato cha pili aliletwa jioni moja jicho limevimba limefunga, nyumbani walisema kaguswa na nairobi fly, yule mdudu anayeunguza ngozi, wakamkanda na majani ya chai siku tatu. Nikamfungua kope taratibu nikamwambia angalia juu, jicho haliendi, linauma, na vitu anaviona viwili viwili. Alikuwa na mafua wiki mbili kabla. Usiku ule ule aliingia chumba cha upasuaji wakatoe usaha nyuma ya jicho. Kwa hiyo kope kuvimba, jicho kusukumwa nje au kuuma ukilizungusha, kuona viwili viwili au ukungu, paji la uso kuvimba likawa laini ukibonyeza, kichwa kinachopasuka na kutapika, shingo kukakamaa, mtu kuanza kusinzia sinzia au kuongea asiyoyajua, hapo hapana kusubiri asubuhi wala kuuliza bima, unachukua bajaji unaenda hospitali kubwa iliyo karibu. Weka na kifua humo humo, pumzi ikikata, ikitoa mluzi, midomo ikivimba baada ya kula kitu au kumeza dawa. Na ukikohoa usiku na kubanwa kifua siku za kazi mwambie daktari hata kama sio kali, pua na mapafu ni njia moja, mwenye aleji ya pua si ajabu akawa na pumu asiyoijua.

Turudi kwa hayo matone yako unayolala nayo. Mwanangu, sehemu kubwa ya kuziba kwako sa hivi ni hayo matone. Yanabana mishipa ya damu ndani ya pua, nyama inanywea, hewa inapita. Nguvu ikiisha mishipa inatanuka kuliko mwanzo, unadondosha tena, inatanuka zaidi, na hivyo hivyo mpaka unafikia vichupa vitatu. Kwenye karatasi yake imeandikwa siku 3 mpaka 5, sema karatasi yenyewe maandishi ya siafu nani anasoma. Namna ya kuyaacha tulikuwa tunawashauri watu waanze na pua moja, unaiacha upande mmoja kabisa, mwingine unaendelea, ule ulioachwa ukifunguka, wiki au mbili hivi, unaacha na wa pili. Siku za mwanzo utalaani, inua mto kichwa kiwe juu. Na mara nyingi daktari atakupa dawa ya kupuliza puani ya aina ya steroidi, ya kushusha uvimbe, ile haina papara, inachukua siku kadhaa mpaka wiki mbili ndo uione kazi yake, wengi wanaiacha siku ya tatu wanasema imegoma. Unainamisha kichwa kidogo, mkono wa kulia unapuliza pua ya kushoto, wa kushoto unapuliza ya kulia, mdomo wa chupa unaelekea upande wa sikio na sio kwenye ukuta wa katikati, ule ukipigwa kila siku ndo unaotoa damu. Ila usijinunulie kabla ya hiyo damu kuangaliwa.

Ile safari ya Singida ndo kipimo kizuri kuliko vyote ulivyoniandikia. Siku nne bila vumbi chafya zimeisha, kurudi kazini hata saa nne haijafika zimerudi, hiyo ni aleji ya kazini na haihitaji maabara kuijua. Kuna mbao mbaya zaidi, mvule una sifa hiyo dunia nzima, na nyie mafundi wenyewe mnajua mkongo ukipigwa msasa kijiwe kizima kinapiga chafya. MDF, zile mbao za kiwandani za nyuzi za mbao zilizogandishwa, nayo vumbi lake ni jepesi kama unga wa ngano na ndani lina gundi yenye kemikali ya fomaldehaidi. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu, tafuta zile N95 za kubana vizuri puani, na ndevu zipunguze maana zinaachia mwanya. Msiwe mnapuliza vumbi na kompresa, najua ni haraka, ila mnalirusha hewani mnalivuta jioni nzima, nyunyizeni maji kidogo mfagie. Nguo za kazi usilale nazo.

Piritoni iache siku za mashine. Inasinzisha, na we unasukuma mbao kwenye msumeno unaozunguka, vidole vyako ndo bima uliyonayo. Kuna dawa nyingine za aleji, setirizini na loratadini, hazisinzishi kama hiyo, ingawa setirizini kuna watu inawalaza kidogo, kwa hiyo ianzie usiku ujione. Hiyo sindano ya miezi usiiguse, ni steroidi ya kukaa mwilini muda mrefu, inapandisha sukari na presha, na ikikaa mwilini imekaa, huwezi kuitoa. Vile vidonge vya deksa, nayo ni steroidi, wanavyochanganya kwenye mifuko midogo pia hapana.

Nyungu ya mama mkwe sio dhambi, mvuke unalainisha makamasi, lakini sufuria la maji yanayochemka chini ya shuka limeunguza watu wengi, na polipu haiyeyuki kwa majani. Mwambie asante, ila kwenye pua yako kinachofanya kazi ni maji ya chumvi. Chukua nusu lita ya maji yaliyochemka kabisa, yapoe mpaka yawe vuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisijae kilima, koroga. Bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake, inama kwenye sinki, sukuma taratibu pua moja yatokee nyingine, hema kwa mdomo. Jioni ukitoka kazini utashangaa rangi ya maji yanayotoka, mninga una wekundu wake. Kuchemsha sio mbwembwe, Louisiana kule Marekani mwaka 2011 walikufa watu wawili waliosafisha pua kwa maji ya bomba bila kuchemsha, kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, ukiinywa haikufanyi kitu ila ikipitia puani inapanda kwenye ubongo.

Siku ya kwenda anzia kituo cha afya kilicho karibu, au Temeke kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, huko wakiona inahitajika wanakuandikia kwenda Muhimbili kwenye kamera. Bila bima utalipa, siwezi kusema uongo, ila piga hesabu ulishatoa ngapi dukani miezi minne. Wahi asubuhi, beba kichupa cha matone wakione, na usiseme nina mafua. Sema hivi, mimi ni seremala, nimeziba pua miezi minne, wiki mbili hizi natoka damu kushoto tu, sinusi kitu, na matone haya natumia mwezi wa tatu. Wakikupima presha, sukari na VVU usikasirike, matone yanapandisha presha, na sinasi isiyopona wakati mwingine ndo inaonyesha kinga imeshuka. Homa ikikupanda au jicho likibadilika kabla ya siku hiyo, unajua la kufanya.

Mtungi wa gesi muuhamishie nje leo hii, au angalau dirishani, na kila usiku mkeo ndo afunge koki maana ile harufu wameiweka makusudi kwa ajili ya pua inayonusa. Ukitoka hospitali niandikie, nataka kujua wameona nini kushoto.